Mteja Anayetaja Robo ya Bei Hajakutukana

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana aliyefungua duka la mikoba na vinyago Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Baada ya kunipa shikamoo na kunishukuru kwa makala zilizopita, alinieleza kwamba mama mmoja wa Kichina aliingia dukani kwake, akakaa karibu nusu saa akiugeuzageuza mkoba wa ukili, akaivuta mikanda yake, akaunusa, kisha akataja robo ya bei aliyoambiwa. "Mama, niliona ametutukana mimi na aliyeusuka," aliandika kijana huyo. "Nikauchukua mkoba wangu, nikamwambia aende zake. Watu hawa tuishi nao vipi?"

Marahaba, mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, kwa kuwa mwaka 2018 ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno. Tena najua kwamba wenye maduka wengi wanaonisoma, kuanzia Shangani hadi Paje, wana shabaha moja na wewe, yaani kuachana na duka la kuning'iniza vitu mlangoni na kungoja riziki ipite, na kufikia duka ambalo mgeni analitafuta kwa jina. Mimi nimefika hapo. Nina maduka mawili ndani ya Mji Mkongwe, na katika yote mawili wageni wa Kichina ni miongoni mwa wanunuzi wangu wakubwa. Lakini nilianza kwa kumfukuza mmoja wao, na kosa hilo bado linaniuma.

Duka langu la kwanza, lililopo Hurumzi, nililirithi kwa ami yangu, pamoja na mazoea yake ya kununua makasha madogo ya njumu kutoka kwa fundi mmoja mzee ambaye hakuwahi kukubali kuharakishwa. Mwaka ule nilikuwa na kasha moja lenye urefu wa mkono, la mbao za mninga, njumu za shaba zimepangwa kwa mistari ya mawimbi, na chini yake limefichwa droo ya siri ambayo usingeijua mpaka uoneshwe. Wakati huo tulikuwa tukitaja bei kwa dola, jambo ambalo kanuni za mwaka 2025 zimelikataza, na bei yangu ilikuwa dola 100. Akaingia mwanamke wa makamo pamoja na mumewe. Nilipomwonesha droo ile aliifungua na kuifunga mara nyingi, akapitisha ukucha juu ya kila safu ya njumu, akalipindua kasha aangalie mbao za chini. Kisha akainua mkono mmoja, akanyoosha kidole gumba na kidole cha shahada, akavikunja vile vitatu vilivyobaki.

Mimi niliona vidole viwili, nikasoma dola 20. Nilihisi uso unaniwaka. Nilimfikiria mzee yule aliyeinama wiki tatu akigonga njumu moja baada ya nyingine, nikalichukua kasha, nikalirudisha juu ya rafu, nikampa mgeni mgongo na kuanza kukunja kanga ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Yule mama aliendelea kusimama, mkono wake ukiwa juu, akivitikisa vidole vile vile kama anayenisihi nitazame vizuri. Mumewe akasema neno, wakatoka. Jioni yake jirani yangu wa duka la tatu, akiwa amejaa furaha, alinieleza kwamba amemuuzia mama wa Kichina kasha kwa dola 80, na kasha lenyewe halikuwa hata na droo.

Ulipita zaidi ya mwaka kabla sijaelewa kilichotokea. Mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa amesoma Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja likizo akawa ananisaidia dukani, na siku moja nikamwona akihesabu na mgeni kwa mkono mmoja tu. Nikamwambia anifundishe. Wachina, alinieleza, hawahitaji mkono wa pili kufika kumi. Moja hadi tano ni kama zetu. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho vikiwa vimenyooka. Saba ni ncha za kidole gumba, cha shahada na cha kati zikiwa zimekutana. Tisa ni kidole cha shahada kilichopinda kama ndoana. Kumi ni ngumi, au vidole viwili vya shahada vilivyopishana. "Na nane, mama mdogo, ni hivi," akasema, akanyoosha kidole gumba na cha shahada. Nilikaa chini. Mteja wangu alikuwa ametaja dola 80, bei ambayo ningeipokea kwa mikono yote miwili, naye alisimama pale akinitikisia vidole huku mimi nikikunja kanga kwa hasira.

Sasa nisikilize, kijana wangu. Kabla hujauliza kwa nini Wachina wanashusha bei, jiulize kama umesikia bei waliyoitaja. Weka kalkuleta juu ya meza, si ndani ya droo, kila mmoja aandike anachokitaka na mwenziwe asome. Na ukisikia neno "zhe", usikasirike kwa haraka. Kwao punguzo hutajwa kwa sehemu inayolipwa, si kwa sehemu inayoondolewa, hivyo mtu akikuomba "ba zhe" anataka kulipa sehemu nane katika kumi, na asilimia 20 ndiyo anayotaka umwachie. Namjua muuzaji mmoja aliyefahamu "ba" kuwa ni nane, akadhani anaombwa aondoe asilimia 80, akamtolea mgeni maneno makali. Ujinga wa aina hiyo umetutia hasara kuliko ubahili wa mgeni yeyote.

Lakini tuseme umemsikia vizuri, na kweli ametaja robo. Hapa ndipo ninapotaka uelewe jambo ambalo mimi limenichukua miaka. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akienda sokoni Darajani kila asubuhi, nami nikimfuata na kikapu. Akifika kwa muuza samaki humwuliza bei ya fungu la changu, na akitajiwa husonya, huinua sikio la samaki kutazama ndani, hutaja nusu au pungufu ya nusu, na akikataliwa huondoka zake polepole. Hatua ya tano au ya sita huitwa, "Njoo Bi mkubwa, njoo tuelewane." Hurudi, wakaulizana hali za watoto, wakakutana katikati, na muuza samaki akamtilia dagaa kidogo juu ya fungu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona kwamba ametukanwa, kwa sababu bei ya kwanza ilikuwa salamu na bei ya pili ilikuwa kuitikia.

Ni sisi tuliosahau. Maduka yetu ya watalii tuliyapanga kwa tabia ya wageni wa Ulaya, ambao wengi wao wakiiona bei ni kubwa hutabasamu, husema asante na kutoka, na wakiiridhia hulipa. Kwa miaka mingi tukayazoea mauzo ya kimya namna hiyo, tukaanza kuyaona ndiyo adabu, na alipokuja mteja anayefanya kama bibi zetu walivyokuwa wakifanya Darajani, tukamwita bahili. Katika masoko mengi ya Uchina yasiyo na bei zilizobandikwa, mnunuzi asiyeshindana bei anahesabiwa kuwa hajui kununua, na muuzaji asiyepunguza hata kidogo anahesabiwa kuwa hajali mtu. Lipo neno lao "mianzi", lenye maana ya uso, nalo linabeba heshima ya mtu mbele ya wenziwe. Ukimkatalia mteja kwa ukali mbele ya mumewe au kundi lake, umemvunjia uso, naye hatanunua hata ukija kumpa bure. Ukimpunguzia kidogo na kumwongezea kitu mkononi, umempa uso, na atakuletea wenziwe. Sisi watu wa pwani, tunaojua maana ya kuumbuliwa hadharani, tulipaswa kulielewa hili mapema kuliko watu wote.

Kwa hiyo panga bei yenye nafasi ya kushuka, lakini usiipandishe mara tano kwa sababu umeona uso wa Kichina. Wanapiga picha za bidhaa na bei, wanaziweka Xiaohongshu, mtandao wao wa kijamii, na mgeni wa wiki ijayo anaingia dukani kwako akiwa amebeba bei ya wiki hii ndani ya simu. Nimeonyeshwa picha ya rafu yangu mwenyewe na mtu ambaye hajawahi kufika Afrika.

Kipo kidonda kingine ambacho nitakigusa ingawa sijapona. Mwezi Machi 2023 Uchina iliiongeza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wangeweza kuzitembelea kwa makundi baada ya korona, na mwaka 2024 ukatangazwa kuwa mwaka wa utalii na utamaduni kati ya nchi hizi mbili. Makundi yakaanza kuonekana tena vichochoroni, na mtembeza wageni mmoja akanijia na ahadi ya kuyaleta yote kwangu iwapo ningempa theluthi ya mauzo. Nilikubali. Ili nisile hasara nilizipandisha bei, na kwa msimu mzima wageni waliingia dukani mwangu ishirini ishirini, wakatazama, wakapiga picha na kutoka mikono mitupu, na mimi nikawa nalalamika kwamba Wachina hawanunui. Kumbe walikuwa wakiogopa. Uchina ina sheria ya utalii, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013, iliyotungwa pamoja na mambo mengine kuzuia safari za bei ya kutupa ambazo faida yake hutoka kwenye maduka ambayo wageni hulazimishwa kuyapitia. Wasafiri wao wamechoshwa na mchezo huo kwa miaka mingi. Mgeni akiona kiongozi wa safari anaingia naye dukani na kusimama karibu na meza ya malipo, keshajua kwamba bei ina mtu wa tatu ndani yake. Nilipomwambia mtembezaji yule kwamba siwezi kuendelea, alilihamisha kundi zima kwa jirani, na kwa miezi kadhaa alikuwa akipita mbele ya mlango wangu akinitazama bila salamu. Iliniumiza, sitaficha. Hata hivyo wageni walioanza kuja wenyewe baada ya hapo, wawili wawili, wakiwa na simu zao, ndio walionijengea duka la pili. Kuwa na subira, mwanangu. Duka halijengwi kwa migongo ya watembezaji.

Miaka miwili ya korona sitaieleza, kwa sababu kila mwenye duka anaijua.

Nieleze badala yake habari ya kofia, maana hapo nilikosea kwa nia njema kabisa, na makosa ya nia njema ndiyo yanayochelewa kuonekana. Bwana mmoja wa Kichina alikuwa amenunua kwangu shuka na karafuu nyingi, nami nikataka kumpa bakshishi inayolingana na ukarimu wake. Nikachagua kofia ya viua iliyodariziwa kwa uzi wa kijani juu ya kitambaa cha kijani, rangi ambayo kwetu Waislamu ina heshima na inatukumbusha Peponi, nikamvalisha mwenyewe kichwani mbele ya mkewe na marafiki zake sita. Kundi zima likalipuka kwa kicheko. Mkewe alifunika mdomo, na yeye mwenyewe aliivua kofia taratibu, akaniinamia, akaiweka juu ya meza kwa mikono miwili. Baadaye nilifahamishwa kwamba kwa Wachina kumvika mwanamume kofia ya kijani ni kusema kwamba mkewe anatoka nje ya ndoa. Bwana yule hakunikasirikia, kwa kuwa alijua siwezi kuwa nimekusudia, na subira yake mbele yangu ni kubwa kuliko ile niliyompa mama wa kasha. Tangu siku hiyo kofia za kijani nawauzia wanaoziomba, na zawadi natoa nyekundu au za rangi ya dhahabu. Zawadi ya saa pia usiitoe, kwa sababu maneno ya kumpa mtu saa ya ukutani yanatamkwa sawa na maneno ya kumsindikiza mzazi kufani. Bei isiwe na nne pale unapoweza kuiepuka, kwa kuwa namba hiyo inakaribiana kimatamshi na neno la kifo, na ikimalizikia kwa nane mteja atatabasamu.

Lipo pia neno tunalolitumia hovyo. Kwetu "Mchina" limekuwa jina la kitu kisichodumu, redio ikiharibika baada ya mwezi tunasema ni ya Mchina, na vijana wa mitaani, hasa papasi wanaowaandama watalii, wanamwita mgeni kwa sauti "Mchina! Mchina!" kama wanaoita mtoto. Siku moja, mbele ya msichana aliyekuwa akichagua viungo, nilimwambia msaidizi wangu kwa Kiswahili asijisumbue kumfungulia pakiti nyingine kwa sababu Wachina hawa hugusa tu. Msichana akaniangalia usoni akasema, "Dada, mimi nimekusikia." Alikuwa amesoma Kiswahili chuoni Beijing. Lugha yetu inafundishwa kule tangu miaka ya 1960, na redio yao ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, kabla mimi sijazaliwa na kabla ya Mapinduzi yetu, nami nilikuwa nikiishi kwa dhana kwamba Kiswahili ni pazia ninaloweza kujificha nyuma yake. Nilimwomba radhi. Alinunua karafuu nusu kilo, akalipa bila kushindana bei, na malipo hayo ya kimya ndiyo yaliyoniuma, kwani nilijua hatarudi.

Tena ni aibu kwa Mzanzibari kusema vile. Madaktari wa Kichina wapo visiwani tangu mwaka 1964, wengi wao kutoka jimbo la Jiangsu, na marehemu babu yangu aliondolewa mtoto wa jicho pale hospitali ya Mnazi Mmoja na mmoja wao. Nyumba za wazee wetu zilikuwa na sahani na bakuli za Kichina kwenye zidaka, na bakuli kama hizo zilipachikwa hata juu ya makaburi ya kale ya Kunduchi. Hawa si wageni wapya pwani hii, na mteja ukimweleza hivyo utamwona anavyobadilika uso.

Unauliza uanzie wapi? Anza na bidhaa unayoijua vizuri, kwa sababu mteja wa Kichina anauliza maswali. Kwangu ni viungo. Karafuu wanaijua kwa jina la "dingxiang", wanaitumia jikoni na kwenye dawa zao za asili, kwa hiyo usimweleze karafuu ni nini. Mpe moja aibonyeze kwa ukucha aone mafuta yakitoka, naye atajua mwenyewe kwamba si kavu ya mwaka juzi. Mdalasini ndio unaohitaji maelezo, maana wa kwao ni gome nene la mti mwingine wa jamii hiyo hiyo, lenye ukali, na wetu ni mwembamba, umejikunja tabaka kwa tabaka kama karatasi, na una utamu. Weka yote mawili juu ya sahani moja, anuse. Ukimaliza hapo utaona kwamba shindano la bei limepungua nguvu, kwa sababu sasa anajua analipia nini. Pokea fedha kwa mikono miwili, rudisha chenji kwa mikono miwili. Uliza benki yako kama mashine uliyonayo inapokea kadi za benki za Kichina za UnionPay, maana wengi wao kwao wamezoea kulipa kwa simu na hawatembei na noti nyingi. Na soda ya baridi usihangaike nayo. Watu wale, hasa wenye umri, wanapenda maji ya moto, hata jua likiwa utosini. Mimi ninayo chupa ya chai iliyojaa maji ya moto matupu, nyuma ya meza, na vikombe vidogo vya kahawa, na chupa hiyo imeniletea biashara kuliko kibao chochote nilichowahi kuandikisha.

Mwaka huu wa 2026 Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia tarehe 17 Februari, na Ramadhani ikaingia ndani ya siku mbili baada yake. Wageni wakawa wengi wakati ule ule tuliokuwa na funga. Adhuhuri moja aliingia mama wa Kichina mwenye nywele nyeupe, jasho likimtiririka, akataka kuona kasha la njumu lililokuwa dirishani. Nikamkalisha, nikammiminia maji ya moto kikombeni, nikampa. Alikishika kwa mikono miwili, akanitazama, kisha akasema kitu kwenye simu yake, na simu ikaniuliza kwa Kiswahili kwa nini mimi sinywi. Nikaijibu simu kwamba nimefunga mpaka jua litue. Alipoisoma tafsiri aliinuka na kikombe chake, akatoka nje, akakaa barazani akiwa amenipa mgongo, akanywa taratibu mpaka akamaliza, akafuta mdomo kwa leso.

Kisha akarudi ndani, akaweka kikombe juu ya meza kwa mikono yote miwili, akavuta kalkuleta upande wake, akaandika nusu ya bei yangu. Nami nikaivuta upande wangu.